Maji ya Kunde Saa Sita Mchana

1

Mwanaidi Ntandu alikuwa na mazoea ya kumsogelea mteja mpaka pua zikaribie kugusana, na hakuna aliyeona kuwa ni utovu wa adabu. Macho yake hayakuona mbali tangu azaliwe. Kwa hiyo kazi yake yote, kuanzia kusoma vibandiko vya chupa hadi kulinganisha rangi ya paji la uso na ya shingo, aliifanyia karibu, lenzi ikining'inia kifuani kwa uzi. Singida nzima ilijua: ukitaka rangi isiyo na mabaka, kakae kwenye kiti cha Mwanaidi.

"Tulia, Sakina. Ukicheka hivyo nitakuchora masharubu."

"Nisicheke vipi, dada? Kesho kutwa kwenye maandamano ya Siku ya Alizeti, saa sita mchana, napita katikati ya mji, kichwa wazi! Bibi amesema atakaa mstari wa mbele, na kiti chake atakibeba mwenyewe."

Sakina alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizaliwa na ualbino, kama Mwanaidi, kama kila aliyekalia kiti kile. Lakini leo ngozi yake ilikuwa maji ya kunde kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, laini, bila doa. Nywele zake za dhahabu hakuzigusa, na wala hakuwa na haja, maana hata wasichana weusi ti wa mjini walikuwa wameanza kuzipaka zao dhahabu ili wafanane naye. Dunia ilikuwa imegeuka, na Mwanaidi ndiye aliyeigeuza.

Rangi hiyo aliitunga mwenyewe. Miaka mitatu alichemsha maganda ya alizeti, akachuja, akachanganya na aina ya sukari inayokausha na kutia hudhurungi tabaka la juu kabisa la ngozi. Kila mchanganyiko alijipaka kwanza mkononi mwake, maana ndiyo ilikuwa desturi ya karakana yake: mpishi haonjeshi wageni asichokionja. Alipoipata ile isiyobanduka kwa siku kumi na mbili, akaipa jina ambalo watu walikuwa wakiwasifia nalo warembo tangu zamani: Maji ya Kunde.

Ukutani, nyuma ya kiti, zilining'inia kofia arobaini na mbili. Zilikuwa kofia za ukindu zenye ukingo mpana hadi mabegani, zile walizopewa utotoni na zahanati, kila moja na jina la mwenyewe. Hiyo nayo ilikuwa desturi. Siku kijana anapopakwa kwa mara ya kwanza, huvua kofia yake na kuitundika msumarini, na wenzake humpigia vigelegele. Ya kwanza kutundikwa ilikuwa ya Mwanaidi.

Kipimajua kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wa Sakina kilitetemeka, kikawaka kijani. "Dakika mia mbili na arobaini," kikasema kwa sauti ya upole.

"Unakisikia?" Sakina akakibusu. "Zamani kilikuwa kinaniambia saba. Dakika saba, dada! Ya nane kinapiga yowe, mlinzi wa geti ananirudisha ndani kama mbuzi aliyeingia shambani kwa watu."

Mwanaidi alimgeuza kichwa ili amalizie nyuma ya sikio. Lenzi ikasimama.

"Hiki kidonda cha lini?"

"Kipi? Aa, hicho. Hereni ilinikwaruza."

"Lini?"

"Kabla ya mvua kwisha."

Mvua zilikwisha miezi mitatu iliyopita. Mwanaidi alichukua pamba, akaichovya kwenye maji ya limau, akapangusa taratibu. Rangi ikatoka. Chini yake kidonda kilikuwa na ukingo uliovimba, unaong'aa, katikati kikavu. Na pande zote za kidonda, ngozi ilikuwa nyekundu, imeungua. Maji ya Kunde yalikuwa yameufunika wekundu huo wote, mtoto wa watu asijue kwamba anaiva.

Mjomba wake Mwanaidi, naye mwenye ualbino, alianza na kidonda cha namna hiyo hiyo, sikioni. Hakufika miaka thelathini na tano.

"Simama," alisema Mwanaidi. "Tunakwenda kwa Sista Veronika."

"Leo? Lakini hujamaliza upande huu!"

"Sakina. Simama."

2

Sista Veronika alikuwa muuguzi wa ngozi tangu enzi ambazo Mwanaidi alibebwa mgongoni. Alikitazama kidonda kwa muda mfupi tu, akavaa glavu.

"Shikamoo, Sista," Mwanaidi alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka.

"Marahaba. Nitakikata leo hii, na kipande cha sikio kitakwenda nacho. Sura yake siipendi." Akamgeukia Sakina, sauti ikalainika. "Umewahi, mwanangu. Ungengoja mwaka, tungezungumza habari nyingine."

Machozi yalimtoka Sakina, yakaacha michirizi kwenye rangi ambayo ilikuwa haijakauka.

Walipobaki wawili mlangoni, Sista aliuliza, "Hiyo rangi yenu inazuia nini?"

"Hatukusema inakinga, Sista."

"Na mlisema haikingi?"

Mwanaidi alikumbuka fomu ya usajili wa rangi, mstari ulioandikwa "Kinga", na jinsi alivyouacha mtupu kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Ukweli ni kwamba hakutaka kuulizwa. Alikuwa amejivunia mno.

Kesho yake saa sita aliitungua kofia yake mwenyewe ukutani, akatoka nayo uani, akafumua kilichokuwa ndani yake: ushanga mmoja mweupe ulioshonwa chini ya ukingo. Kila kofia ya zahanati ilikuwa nao. Jua la kuunguza likiufikia, hugeuka zambarau; ukikaa kivulini, hurudi kuwa mweupe. "Ushanga ukigeuka, rudi ndani," Sista aliwaimbisha wakiwa watoto, kabla vipimajua havijaja na kuonekana vya kisasa zaidi.

Kwenye jokofu la karakana mlikuwa na karatasi za ngozi iliyooteshwa maabara, nyembamba, za kujaribia rangi. Mwanaidi alichukua mbili zilizooteshwa kutokana na ngozi yake mwenyewe. Moja aliipaka Maji ya Kunde, akaingoja ikolee. Nyingine akaiacha kama ilivyo. Kisha akafumua ukingo wa kofia ya Sakina, akachukua ushanga wa pili, akaufunika kila mmoja kwa karatasi yake na kuziweka shanga juani.

Alihesabu hadi sitini. Akafunua ile isiyopakwa. Zambarau.

Akafunua ile ya maji ya kunde. Zambarau, ile ile, wala haikupungua hata chembe.

Kisha akakiweka kipimajua chake juu ya karatasi iliyopakwa. Kijani. "Dakika mia mbili na arobaini," kikasema, kwa upole ule ule.

Hapo akaelewa kosa lilipolala. Kipimajua hakipimi jua. Kinamulika ngozi iliyo chini yake, kinaangalia ina weusi kiasi gani, kisha kinapiga hesabu. Waliokibuni hawakuwahi kuwaza kwamba atatokea binti wa Singida, atie weusi usio na kazi yoyote, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mashine imedanganyika, na wenye ngozi wameiamini mashine.

Alikaa chini pale pale uani, kisha akakumbuka kwamba yuko juani bila kofia, akaingia ndani mbio. Alijicheka, halafu akalia.

3

"Usiwaambie," alisema Idrisa.

Idrisa Mughenyi alikuwa fundi wa mitambo ya upepo kwenye vilima vya mawe, mwenye ualbino wa kwanza kupanda mnara mchana. Kesho angeongoza maandamano ya Siku ya Alizeti, na yeye ndiye aliyebuni kwamba wapite saa sita kamili, vichwa wazi, ili mji uone. Jioni hiyo, karakanani, alizisikiliza habari za shanga akiwa amesimama, mkanda wa kupandia minara ukiwa bado kiunoni.

"Idrisa, wanaungua. Wewe mwenyewe unaungua, ila huoni."

"Na kabla ya rangi nilikuwa naishi? Nilikaa ghalani kuhesabu boliti kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja, kwa sababu Sheria ya Kivuli inasema ambaye kipimajua chake kinawaka nyekundu hatoki juani. Nilikuwa nauona mnara kwenye picha, Mwanaidi! Mnara ninaouhesabia boliti!" Akapiga meza. "Ukisema kwamba rangi haikingi, kesho kutwa watabadilisha vipimajua. Tutarudi kwenye dakika saba. Arobaini na wawili tutarudi ghalani. Wengine wana watoto."

"Wakifa, watoto watalelewa na rangi?"

"Mjini watatucheka. Watasema zeruzeru walijipaka matope wakajiona watu."

Neno hilo lilimchoma Mwanaidi, naye Idrisa alijua litamchoma. Lakini hasira haikumjaa kama alivyotarajia. Alimhurumia. Kila alichosema Idrisa kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkosesha raha: yeye akinyamaza, wangekufa; akisema ukweli, wangefungiwa ndani. Hakuona mlango wa tatu.

"Basi ngoja sherehe ipite," Idrisa akasema kwa sauti ya chini. "Siku moja tu. Tupite kama watu siku moja."

"Mjomba wangu naye alisema siku moja. Alisema hivyo kila siku." Mwanaidi aliinua lenzi, akamsogelea, akamtazama usoni mpaka akaona vipele vidogo vikavu chini ya rangi, kwenye daraja la pua. "Nitawaambia kesho asubuhi. Wao kwanza, si serikali. Ngozi ni zao. Watakaloamua baada ya kujua, wataliamua wakijua."

Idrisa alitoka bila kuaga.

4

Asubuhi ya Siku ya Alizeti karakana ilijaa. Vijana walikuwa wamevaa mavazi ya njano, mikono wazi, shingo wazi, wananukia mafuta mazuri. Mwanaidi alipanda juu ya kiti chake. Hakuona nyuso zao vizuri kutoka pale, aliona njano tu na hudhurungi, na pengine ilikuwa heri, maana angeona macho yao asingesema.

Alisema. Hakuzunguka. Aliwaonyesha shanga na karatasi za ngozi, akarudia jaribio dirishani mbele yao, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mtu alipiga kelele kwamba ni mchezo. Halafu akasema lililokuwa gumu kuliko yote.

"Rangi hii niliitengeneza mimi, na naionea fahari hadi leo. Ni rangi nzuri. Lakini niliona mstari wa kujaza kinga nikauacha mtupu, kwa sababu niliogopa mtaipenda kidogo. Kosa ni langu. Naomba radhi."

Kisha kelele zikaanza zote kwa pamoja. Mmoja alitupa chupa ikavunjika. Msichana mmoja wa nyuma aliuliza, "Kwa hiyo tulikuwa wazuri bure?" na swali hilo likawanyamazisha wengine.

Sakina ndiye aliyejibu. Alikuwa ameingia mwishoni, kichwa kimefungwa bendeji upande mmoja.

"Bure kwa nini? Mimi bado mzuri. Nina sikio moja na nusu, na bado mzuri." Wachache wakacheka bila kupenda. "Paka rangi, usipake, hiari yako. Mimi nitapaka, naipenda. Ila jua halijui kwamba nimependeza." Akaenda ukutani, akatafuta jina lake, akatungua kofia. Ukingo ulikuwa umefumuka pale Mwanaidi alipotoa ushanga. "Nishonee, dada. Ulichukua mwenyewe."

Mwanaidi alishona ushanga wa Sakina, kisha wa kofia yake mwenyewe. Na alipokuwa anashona, karibu karibu, uzi ukipita kwenye tundu la ushanga, ndipo alipouona ule mlango wa tatu. Ulikuwa ukutani siku zote, umetundikwa kwenye misumari arobaini na miwili. Sheria haikuwahi kupima kofia. Ilipima ngozi tu, na kwa kuwa ngozi haivuliwi, wakafungiwa watu.

"Sikilizeni," alisema. "Nileteeni malimau."

5

Saa sita kamili, mji wa Singida uliokuwa umejipanga kando ya barabara kuu ulisikia maandamano kabla ya kuyaona. Ulisikia yowe.

Wenye ualbino walikuwa wamejisugua kwa limau na chumvi pale kipimajua kinapokaa, duara la rangi likatoka, na vipimajua kwa mara ya kwanza katika miezi minane vikaiona ngozi yao halisi. Vyote viliwaka nyekundu. Vyote vilipiga kelele, thelathini na nane kwa pamoja, sauti moja kali. Watoto waliziba masikio. Mabendi ya shule yalikata tamaa yakaweka ngoma chini.

Thelathini na nane, si arobaini na wawili. Kofia nne zilibaki ukutani, na mojawapo ilikuwa ya Idrisa. Mwanaidi alitembea mbele, mahali ambapo Idrisa angekuwa. Kofia ya ukindu kichwani, mikono mirefu ya njano hadi kwenye vidole, mafuta ya kinga usoni yakimfanya ang'ae. Hakuona waliojipanga kando, aliwaona kama ukungu wa rangi. Lakini aliwasikia wakinong'ona, na kila hatua aliyopiga aliinua kidevu kidogo zaidi.

Karibu na uwanja, mtu alijitokeza katikati ya barabara na kunyoosha mikono. Alikuwa Mzee Ndahani, Msimamizi wa Kivuli wa mkoa mzima, mwenye upara uliokuwa ukimeremeta kwa jasho.

"Simameni! Mko nyekundu wote! Ingieni ndani mara moja, na hivyo vidude vizimeni!"

"Havizimiki, mzee," alijibu Mwanaidi. "Ninyi ndio mlioagiza visizimike."

Kicheko kilipita kwenye umati. Mzee Ndahani hakucheka, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika ndugu wawili waliouawa na jua, na sheria ile aliipigania kwa roho safi.

"Binti, nataka muishi."

"Nasi tunataka hivyo hivyo. Njoo hapa chini, mzee."

"Chini wapi?"

"Chini ya kofia yangu."

Alisita, akatazama umati, umati ukamtazama. Basi akainama, mtu mzima na heshima zake, akaingiza kichwa chini ya ukingo wa kofia mpaka paji lake likakaribia kuligusa la Mwanaidi. Pale ndani palikuwa na ubaridi. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa ameusogelea uso wake kwa umbali ambao yeye alizoea kuwasogelea wengine, na Mwanaidi akamwona vizuri kabisa: mzee mchovu, mwenye nyusi za mvi.

"Unaona ushanga?"

"Naona. Mweupe."

"Tumetembea saa nzima, na bado mweupe. Hiki cha mkononi kinapima ngozi niliyozaliwa nayo. Huu unapima jua linalonifikia. Kati ya hivyo viwili, mzee wangu, kipi kinaua?"

Mzee Ndahani alibaki ameinama. Jasho lake lilidondoka kwenye njano ya Mwanaidi. Mtu wa kando alimsikia akisema, "Hatukupima nguo. Miaka yote hiyo."

Alipochomoza kichwa alitoa kishikwambi chake. Sheria ilimpa mamlaka ya kuandika ruhusa ya pekee kwa siku moja, na humo mlikuwa na nafasi ya kujaza dakika. Hakuwahi kuijaza maishani mwake. Kidole kilibaki hewani.

Hapo nyuma kukasikika yowe la thelathini na tisa. Idrisa alikuja akikimbia, mkanda wa minara kiunoni, kofia imekaa upande, duara jeupe la limau likionekana mkononi. Alisimama kando ya Mwanaidi, akihema.

"Kesho getini watanizuia," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Huenda."

"Basi ningekaa nyumbani peke yangu, nikiwasikia mnapiga kelele hivi? Siwezi." Akaiweka kofia yake sawa.

Mzee Ndahani alimtazama Idrisa, akazitazama kofia zilizojaa barabara. Ilikuwa mwanzo tu, na wote walijua. Kibali cha siku moja si sheria mpya. Kungekuwa na vikao, na wataalamu, na watu wa kusema hapana, na kwa Sista Veronika kungekuwa na foleni ya shingo na masikio ya kuchunguzwa.

Kando ya barabara, bibi yake Sakina alikuwa amepanda juu ya kiti chake mwenyewe ili aone. "Yule pale mwenye bendeji!" alikuwa akiwaambia watu wasiomuuliza. "Yule mwenye kofia, wa kwangu yule!"

"Niandike dakika ngapi?" Mzee Ndahani aliuliza.

Mwanaidi alitazama mbele. Mwisho wa barabara hakuuona, hakuwahi kuuona mwisho wa barabara yoyote.

"Andika mpaka tufike," alisema, akaanza kutembea.